Jukwaa Liangalie Mji

Kalemie, 4 Machi 2024

Papa Ruphin, hodi kwako na kwa nyumba yako,

Hunijui, kwa hiyo usijisumbue kukumbuka. Naitwa Mwanvua. Nasuka nywele hapa Kalemie, saloni yangu iko kwenye njia ya kushuka bandarini, na watu husema ukisikia kicheko kabla hujaiona saloni, basi umefika. Barua hii anakuletea Mama Evodie, yule mfanyabiashara wa maharage anayepanda mlima kuja huko Kirungu kila mwezi. Ameniambia huna simu, eti mbuzi aliikanyaga na hukutaka kununua nyingine. Vizuri. Ninayotaka kukuambia hayaenei kwenye simu.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Kigoma kununua mafuta ya nywele. Nikiwa dukani nikasikia gitaa kutoka kwenye ukumbi wa arusi jirani. Papa, mkono wangu uliganda na chupa hewani. Gitaa lile nalijua kama ninavyojua kikohozi cha baba yangu. Nikaacha mafuta, nikaingia arusini bila kadi, nikamkuta Dédé wa bendi yenu, Radi ya Marungu, Dédé mwenyewe, kavaa suti, anawapigia watu wanaokula pilau! Pembeni yake Hénoc na besi. Na mahali pako, mahali pa ngoma, kinanda cha betri kinachojipigia chenyewe tu-tu-tu kama kifaranga. Niliona aibu kwa niaba yako.

Niliwangoja wamalize, nikawaambia: njooni Kalemie mtupigie tena, mji mzima utakuja. Dédé akapoa uso. "Kalemie? Mama, siye na Kalemie tulimalizana." Nikambembeleza mpaka akachoka. Mwisho akasema: "Muulize Ruphin. Akikubali, tunavuka. Akikataa, usiturudie tena." Ndiyo maana naandika.

Labda umeisahau jioni ile ya Oktoba 2011. Mimi sijasahau hata jasho lake. Mlifika kwa boti mchana, mkapanga vyombo kwenye uwanja ulio kando ya ziwa, jenereta ikinguruma. Sisi tulizoea muziki wa kukata kiuno taratibu. Roki tulikuwa tunaisikia redioni na kuicheka. Halafu Dédé, na suruali yake ya ngozi katika joto lile, akagusa gitaa mara moja, na wewe ukaipiga ile ngoma kubwa kwa mguu. Nilishika kifua. Nilifikiri kuna mtu ndani yangu anabisha mlango. Kando yangu alikuwepo rafiki yangu Maimouna, bibi arusi wa kesho yake, kichwa kizima bigudi, vile vibomba vya kukunjia nywele, chini ya mtandio, na aliruka mpaka bigudi moja ikachomoka ikampiga mzee mmoja shavuni. Mzee hakugeuka. Naye alikuwa anaruka.

Mpaka leo watoto wa hapa wakiwa kwenye foleni ya bomba hupiga kwenye bidoni zao za maji yale mapigo yako ya wimbo wa "Treni Haijafika". Hawajui yametoka wapi. Wengi walikuwa hawajazaliwa.

Ila kuna kitu kimenikwama. Wimbo ule haukuisha. Ulikuwa katikati ya kupiga peke yako, na mimi nimebaki na nusu yake kichwani mwaka hadi mwaka. Kwa nini mliondoka bila kuaga, Papa? Tuliwakosea nini? Njoo unimalizie.

Mshabiki wako,
Mwanvua


Kirungu, 29 Machi 2024

Mama Mwanvua,

Barua imefika. Inanukia mafuta ya nywele, nyumba nzima inanukia, na mke wangu Rosine ameniuliza Mwanvua ni nani kabla mimi mwenyewe sijajua. Kwa hiyo nakujibu upesi, ili mambo yaishe.

Unauliza kwa nini tuliondoka. Mimi ni mkulima, mtu wa mlimani, lakini si mjinga. Mlioondoka ni nyinyi.

Nitakuambia mara moja tu. Ile sehemu ya kupiga peke yangu niliitengeneza nikitembea kwenda shambani, kwa miguu yangu, kwenye njia za mawe za huku, mpaka hata mawe yakaijua. Sikuwahi kuipiga mbele ya watu. Niliiwekea Kalemie, kwa sababu Kalemie ndio mji. Jioni ile Dédé na Hénoc wakanyamaza, wakaniachia. Nikafumba macho, nikaingia. Nilipofika pale inapoanza kupanda, nikasikia watu wanapiga kelele. Kelele ile sijaisikia tena popote, hata mpira ukiingia golini. Nikasema moyoni: Ruphin, leo umefika. Furaha ilinishika mpaka kwenye meno.

Nikafumbua macho, nikaona migongo.

Watu wote wanakimbilia mlangoni, wanasukumana, akina mama wanakunja vitenge, viatu vinabaki mchangani. Hata yule Papa Félicien aliyetualika, aliyetujengea jukwaa, nikamwona anaruka ukuta. Mimi bado napiga. Mikono haikujua la kufanya. Tulibaki watatu na jenereta. Tukafunga vyombo, tukashuka kwenye boti, na hatukusemezana mpaka Moba. Dédé na Hénoc wakaenda zao Kigoma. Mimi nikapanda mlima.

Sasa ngoma kubwa nawekea mbegu za maharage, panya hawaiwezi. Ile sahani ya shaba niliyokuwa naipiga pamoja na ngoma nimeitundika kwenye mti shambani, nikiona nyani naigonga. Nyani nao hukimbia. Nimeshazoea.

Siji. Kama mnatafuta kicheko cha mara ya pili, tafuteni mtu mwingine. Nakutakia wateja wengi wenye nywele ndefu.

Ruphin


Kalemie, 11 Aprili 2024, siku ya pili ya Idi

Papa Ruphin, na Mama Rosine (shikamoo Mama, mimi nina mume, watoto na miguu iliyovimba kwa kusimama, lala usingizi wako),

Nimeisoma barua yako nikiwa na kichwa cha mteja mkononi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikafika kwenye neno "migongo", nikalia. Mteja akafikiri nimefiwa, akaanza kulia naye, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama.

Papa, hamkujua? Hakuna aliyewaambia?

Basi sikiliza. Wakati ule mji ulikuwa umekaa majuma bila umeme. Simu zimekufa, samaki wanaoza, na umeme usipokuwepo hata maji hayafiki bombani. Nyinyi mlifika mchana, na mchana mji hauonyeshi kama una umeme au hauna. Mkawasha jenereta yenu, mkapiga. Jukwaa mlilipanga kuangalia ziwa, kama ilivyo desturi ya uwanja ule, mji ukawa nyuma yenu. Sisi tulisimama upande wa ziwa, kwenye mlango, tunawatazama. Nyuma ya vichwa vyenu ulikuwepo mlima wote wa Kalemie, giza tupu.

Ukaanza kupiga peke yako. Nakuapia, hakuna aliyepumua. Ukapanda, ukapanda, na ulipofika juu, nyuma ya kichwa chako mlima ukawaka! Mtaa kwa mtaa, kutoka juu kuja chini, kama mtu anamwaga taa kutoka kwenye ndoo. Ndipo tukapiga kelele. Wengine walifikiri ni wewe uliyeuwasha kwa ngoma, na mimi sijasema hapana mpaka leo. Kisha Maimouna akanikamata mkono: "Mwanvua, courant inarudia! Kichwa yangu! Arusi njo kesho!" Maana kaski ya kukaushia nywele haiendi bila umeme, na bibi arusi mwenye bigudi mbichi ataenda wapi asubuhi? Na umeme wetu ukirudi hakuna ajuaye utakaa kiasi gani. Ukizubaa, umekosa. Watu wakatoka mbio: wa maji kwenye bomba, wa simu kwenye waya, wa nguo kwenye pasi. Papa Félicien ana friji za samaki, ulitaka afanye nini? Kilichomrusha ukuta ni samaki, si wewe.

Hatukuwakimbia, Papa. Tulikimbia ili turudi.

Na tulirudi! Maimouna nusu ya kichwa imekauka, nusu inachuruzika. Watu na bidoni zimejaa, maji yanamwagika mgongoni. Tukakuta jukwaa tupu. Tukasema labda mmekwenda kula. Halafu tukasikia injini ya boti huko majini. Watu wakanuna: ndivyo walivyo wanamuziki, wanajivuna, ukiacha kuwashangilia kidogo wanasusa. Basi mtu mmoja akamwaga maji yake, akageuza bidoni, akaanza mapigo yako. Wengine wakamfuata. Tuliimba "Treni Haijafika" bila nyinyi mpaka umeme ukakatika tena. Hiyo ndiyo asili ya bidoni za watoto nilizokuandikia.

Nyinyi mlinuna kule, sisi tulinuna huku, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Nani amewahi kuona ujinga mtamu hivi?

Sasa jambo jingine, na usikasirike. Afishi za tamasha nimeshabandika. Tarehe 20 Julai, uwanja uleule. Jina lako liko juu, kubwa kuliko la Dédé. Mume wangu Maliki husema mdomo wangu unatangulia miguu, na ni kweli. Ukikataa, Dédé na Hénoc hawavuki, na mimi nitaficha wapi uso katika mji huu ambao nimemshika kila mwanamke kichwa? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Papa. Njoo. Nina nusu ya wimbo.

Mwanvua


Moba, 6 Mei 2024

Mwanvua dada,

Miye si muntu wa kuandika, naandika tu vile ninasemaka.

Ile barua yako nilimupatia. Alisoma amesimama. Akakaa, akasoma tena. Akasema: "Huyu mwanamuke iko anafunika aibu ya mji wao." Rosine akamujibu pale pale: "Muntu akitaka kudanganya, anatafuta uwongo ya akili. Nani anadanganya na bigudi?" Akatoka inje.

Asubuhi nilienda kupima maharage. Nikakuta mbegu yote iko ndani ya gunia, na ile ngoma kubwa iko kwenye jua, imepanguswa, inang'aa. Ngozi yake ilikuwa imetoboka. Na ule mbuzi aliyekanyaga simu sikumuona. Nikauliza Rosine: mbuzi eko wapi? Akanionyesha na mudomo: ngozi yake imetandikwa kwenye ukuta, inakauka.

Sikusema kitu. Na wewe usiseme kitu. Mwanaume wa mulima ukimusukuma, anakaa chini.

Evodie


Kirungu, 20 Mei 2024

Mama Mwanvua,

Nimefanya uchunguzi wangu. Hapa yupo Sista Emilie, ambaye mwaka ule alikuwa Kalemie. Nilimuuliza bila kumwambia sababu: unakumbuka Oktoba ile, jioni moja, umeme ulirudi? Akacheka. Akasema walikuwa kwenye sala, na masista walipoona taa wakaimaliza zaburi mbio mbio, wakaenda kupiga pasi. Kama hata sala ilikimbiwa, mimi na ngoma zangu ni nani?

Hasira hii nimekaa nayo ndani muda mrefu kama kabati. Sasa imetolewa, na bado napinda njia nikipita pale ilipokuwa. Rosine ananitazama anacheka. Naye hajanicheka hivi tangu tuoane.

Lakini naogopa, nakuambia wazi. Mikono hii ni ya jembe sasa. Nimejaribu shambani, mguu unachelewa, mkono wa kushoto unasahau njia. Nyani walikuja wakakaa juu ya mawe wakanisikiliza. Hawakukimbia. Mimi nikasema ni dalili mbaya, Rosine anasema ni nzuri.

Nitakuja maharage yakishavunwa, kwa sharti moja. Jukwaa liangalie mji. Mimi nikae mgongo ziwani, niwaone watu, na nyuma yao niuone mlima wote. Umeme ukirudi, safari hii niuone mimi wa kwanza. Sitaki tena kushtukizwa.

Sahani ya shaba nimeishusha mtini. Imepinda kidogo lakini inalia.

Ruphin


Kalemie, 27 Juni 2024

Papa Ruphin,

Jukwaa tumeligeuza! Papa Félicien alikuja juu: "Jukwaa ya hapa inaangaliaka ziwa, tangu zamani! Nani analeta mambo mapya?" Nikamwambia, mtu aliyeruka ukuta hana neno hapa. Akachukua nyundo.

Nilivuka Kigoma mwenyewe kuwapa Dédé na Hénoc habari ya umeme. Hénoc alicheka mpaka akashika ukuta. Dédé aliomba maji, akanywa, akasema: "Kumbe walirudi." Kisha akaniuliza kama namjua fundi wa kupanua suruali ya ngozi. Wanakuja na boti ya Alhamisi.

Maimouna ameahidi kuvaa bigudi. Watu wataleta bidoni zao, tupu, za kupigia. Jenereta ipo, maana umeme hatuna tangu mwanzo wa mwezi. Usidhani tumebadilika sana. Kuhusu mikono, mimi naishi kwa mikono, nisikilize. Mkono hausahau. Unajifanya tu, ili uombwe.

Mwambie Mama Rosine kichwa chake nimekiwekea nafasi, na akija hanilipi hata shukrani.

Mwanvua


Kirungu, 5 Agosti 2024

Mama Mwanvua,

Tumefika salama. Rosine anakusalimu sana. Nywele ulizomsuka kila jirani amekuja kuzishika, na kanisani hakuna aliyesikiliza mahubiri. Nimechelewa kuandika kwa sababu viganja vilivimba. Hata kushika kijiko ilikuwa kazi. Nilikuwa nakula ugali huku nacheka peke yangu.

Unajua jinsi ilivyokuwa, ulikuwepo. Lakini kuna jambo nililificha. Mlipokuja kunishika mkono pale jukwaani, wewe na Maliki, lilikuwa mdomoni, nikalimeza. Sasa halinipi raha.

Nilipoachiwa kupiga peke yangu, sikuthubutu kufumba macho. Nilipiga macho wazi kama mtu anayelinda kuku. Nikakuona wewe mbele, na Maimouna, mama mzima na watoto wake, kichwa bigudi tupu. Nikaona bidoni zote zimeinuliwa. Mguu ukakumbuka. Mkono wa kushoto ukakumbuka. Nikaanza kupanda. Na palepale, Mama, mahali palepale, mlima ulio nyuma yenu ukawaka. Mtaa kwa mtaa, kutoka juu kuja chini, kama ulivyoniandikia. Niliuona wote. Nyinyi mlikuwa mmeupa mgongo, mnanitazama mimi.

Ningeweza kusema. Kipaza sauti kilikuwa karibu. Nilijua mmekaa gizani majuma, nilijua mabomba yameanza kutoa maji, na nyinyi mmeshika bidoni tupu mikononi! Mtu mwema angesema. Nikamtazama Dédé, naye ameona. Nikamtazama Hénoc, naye ameona. Hénoc akatikisa kichwa hivi, kidogo tu: hapana.

Basi nikapiga. Niliona haya kidogo, halafu haya ikaisha, nikaanza kucheka. Nikarefusha. Kuna sehemu sikuwahi kuzitengeneza, zilikuja zenyewe, nikazifungulia mlango. Nikafika mpaka mwisho, ule ambao ulikuwa hujausikia. Katika maisha yangu sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nilikuwa naiba.

Mlipogeuka kwenda nyumbani, umeme ulikuwa umeshakatika tena. Mji mzima ulilala bila maji kwa sababu yangu. Waombe watu radhi kwa niaba yangu. Ila Papa Félicien mwache. Samaki wake tumelipana.

Ruphin


Kalemie, 20 Agosti 2024

Papa Ruphin,

Barua yako nimeisoma kwa sauti saloni, kaski imezimwa ili kila mtu asikie. Maimouna alikuwepo. Nilipofika kwenye "naiba" alianguka kwenye kiti. Tumecheka, Papa, tumecheka mpaka watu wa dukani wakaja kuuliza.

Wewe huna bahati na mgongo wako. Uligeuza jukwaa lote, ukachunga mlima kama polisi, lakini hukuuliza kuna nini upande wa ziwa. Kuna taa ya bandari. Ile ndefu, iliyosimama juu ya mlingoti, inayotumia umeme uleule wa mji. Ilikuwa nyuma yako, sawasawa na kichwa chako, na ulipoanza kupanda iliwaka.

Tuliiona. Sote tuliiona, kabla yako.

Maimouna alinishika mkono, palepale alipoushika zamani. Akasema "Mwanvua", basi, hakuongeza neno. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Akina mama wote na bidoni zao wanatazamana. Papa Félicien alikuwa ameshaweka mkono mmoja juu ya ukuta. Akaitazama taa. Akakutazama wewe, na ulikuwa unacheka peke yako kama kichaa, tukajiuliza huyu anacheka nini. Akashusha mkono.

Hakuna aliyetoka, Papa. Lile bomba la kwenye kona ya uwanja lilianza kukohoa, likatema hewa, maji yakaanza kuruka kwa kelele, na mama mmoja akaenda mbio. Tukasema, haya, wa kwanza huyo. Akalifunga, akarudi mahali pake. Alisema lilikuwa linatuharibia wimbo.

Nusu yangu nimeipata. Asubuhi nilijikuta naipiga kwenye kichwa cha mteja, nzima, mpaka mwisho, naye hakulalamika. Maji tulichota ziwani kesho yake, na foleni nzima ilikuwa inaimba.

Papa Félicien anakusalimu. Samaki wake waliharibika wote, na anauliza mtarudi lini.

Mwanvua